Ulinzi wa Visiwa ni Pamoja na Ndege Wake

Kazi ya askari haiishii kwenye mpaka uliochorwa katika ramani. Mali iliyomo ndani ya mpaka huo nayo ni amana yake, hata ikiwa ni yai la ndege juu ya jabali.

Chula ni kimoja katika safu ya visiwa vya Wabajuni inayoanzia Kismayo na kuelekea kusini. Upande wa Kenya safu hiyo huendelea kwa vijisiwa vya matumbawe vya Kiunga. Huko, katika miezi ya kusi, membe hutaga chini, juu ya mwamba mtupu, yai moja au mawili tu. Ngome yao ni bahari inayowatenga na adui. Mtu akishuka kuokota mayai, au panya akishuka kutoka chomboni, ngome hiyo imekwisha kuanguka.

Mwaka 1979 Serikali ya Kenya ilitangaza Kiunga kuwa hifadhi ya bahari. Upande wa Chula mambo yalikwenda vingine. Dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na Kismayo ikapita mikononi mwa kundi moja baada ya jingine, hata majeshi ya Kenya na Somalia yalipoingia mjini humo mwaka 2012. Pasipo dola hapana sheria inayowalinda watu, seuze ndege.

Mfano wa kufuatwa uko Unguja, katika kisiwa kidogo cha Chumbe. Kwa miaka mingi wavuvi hawakuruhusiwa upande wake wa magharibi, kwa kuwa ulikuwa kando ya njia ya meli, na jeshi lilifanya mazoezi ya shabaha katika eneo hilo. Amri iliyotolewa kwa ajili ya usalama ikayaokoa matumbawe. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa hifadhi, na mwaka huo huo mamia ya membe walizaa hapo. Lakini panya hawatii amri. Ilibidi waangamizwe kwa chambo cha sumu mwaka 1997. Walinzi wakachaguliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawakupewa silaha. Kazi yao ilikuwa kuwaelimisha wenzao kwanza.

Funzo ni dhahiri. Panya husafiri na magunia ya chakula, na mashua ya doria hubeba magunia kama jahazi lolote. Hivyo hapana budi shehena ikaguliwe kabla ya kuondoka bandarini, na vijisiwa vya mazalio visikanyagwe miezi ya kusi isipokuwa kwa dharura. Askari anayeokota mayai hawezi kumkataza mvuvi. Nidhamu ya mlinzi ndiyo sheria ya kwanza ambayo mwananchi wa kisiwani huiona kwa macho yake.