Jiko la mafuta ya taa

Jiko la mafuta ya taa (nchini Tanzania huitwa pia jiko la mchina, nchini Kenya stovu) ni chombo cha kupikia kinachotumia mafuta ya taa. Ni jepesi kubeba, huwaka upesi kuliko jiko la mkaa, na mafuta yake huweza kununuliwa kidogokidogo kwa chupa. Kwa sababu hiyo limetumika sana na wapangaji wa chumba kimoja na wanafunzi wanaojipikia. Lisipotunzwa vizuri huweza kuunguza nyumba, kumjeruhi mpishi au kujaza chumba moshi wenye sumu.

Aina

Kuna aina kuu mbili: jiko la tambi na jiko la pampu. Jiko la pampu lililojulikana zaidi duniani ni Primus, lililobuniwa na Frans Wilhelm Lindqvist huko Stockholm, Uswidi, mwaka 1892. Jiko la tambi ni rahisi zaidi kutengeneza, na ndilo linaloonekana zaidi katika masoko ya Afrika Mashariki.

Namna linavyofanya kazi

Chini ya jiko la tambi kuna tangi, na juu ya tangi kuna vibomba vinavyoshika tambi za pamba. Mafuta hupanda ndani ya tambi kama chai inavyopanda kwenye andazi lililochovywa. Yakifika kwenye ncha hupata joto na kuwa mvuke, na kinachowaka ni mvuke huo. Makopo mawili yenye matundu, moja ndani ya jingine, huuchanganya mvuke na hewa. Mchanganyiko ukiwa sawa moto huwa wa buluu na hautoi masizi. Moto wa njano au mwekundu, sufuria kuwa nyeusi na macho kuwasha ni dalili kwamba hewa haitoshi, tambi zimepandishwa mno, au makopo hayakukaa sawa. Mara nyingi dawa ni ndogo: kuzima, kuacha jiko lipoe, kisha kuyakalisha makopo upya mpaka yatulie.

Utunzaji wa tambi

Matatizo mengi ya jiko hili hutokana na tambi. Ncha zake hujikusanyia masizi magumu, na ncha ngumu hainyonyi mafuta vizuri, hivyo mpishi huzidi kuzipandisha na moshi huongezeka. Jiko likiwa baridi, tambi hupandishwa na ncha hukatwa kwa mkasi, zote kwa urefu mmoja. Utambi mmoja ukizidi wenzake, moto hupanda upande huo na kuliunguza kopo.

Zikiwa fupi kiasi cha kutofika chini ya tangi, hubadilishwa zote kwa pamoja. Tambi mpya huachwa ndani ya mafuta kwa takriban nusu saa kabla ya kuwashwa, kwani pamba kavu huungua yenyewe. Vipande vya nguo kuukuu havifai badala ya tambi, hasa vyenye nailoni, maana huyeyuka na kuziba kibomba. Wengine huondoa tambi kadhaa ili kubana matumizi. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu kibomba kilicho wazi huwa njia ya moto kushuka hadi kwenye mvuke wa tangi.

Mafuta

Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Kwa hiyo petroli kidogo tu ikiingia katika mafuta ya taa, kwa mfano kupitia dumu lisilosafishwa, jiko huweza kulipuka. Mafuta yanayonuka kama petroli hayafai kutumiwa, wala kujaribiwa kwa kiberiti.

Kuna pia uchanganyaji wa makusudi wa namna nyingine, ambapo mafuta ya taa hutiwa katika dizeli kwa faida ya muuzaji. Ili kuuzuia, Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Aliyeumia kwa bei ni mpishi mwenye kipato kidogo.

Maji yakiingia katika mafuta, moto hucheza na kupasukapasuka, na tangi huota kutu. Kuyatambua ni rahisi: mafuta yakiachwa yatulie katika chupa angavu, maji hukaa chini kwa kuwa ni mazito zaidi.

Mafuta huongezwa jiko likiwa limezimwa na limepoa kabisa, na tangi halijazwi hadi juu.

Matengenezo

Tangi linalovuja halitumiki hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Kuziba kwa sabuni au gundi hakudumu kwenye joto. Kulilehemu tangi ni hatari, kwani hata likiwa tupu hubaki na mvuke unaoweza kulipuka. Kwa bei ya jiko la tambi, kununua jingine mara nyingi ni nafuu. Katika jiko la pampu, tundu la kutolea mvuke huzibuliwa kwa sindano yake maalumu, nayo ngozi ya pampu iliyokauka hulainishwa kwa mafuta.

Hatari na huduma ya kwanza

Jiko hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, hivyo dirisha au mlango huachwa wazi na jiko halitumiki kupasha joto chumba cha kulala. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta ya taa yasitumike majumbani.

Jiko likishika moto halimwagiwi maji, kwa kuwa mafuta huelea na kusambaza moto. Hufunikwa kwa mchanga au blanketi zito lililoloweshwa na kukamuliwa. Mtu aliyeungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno wala siagi.

Watoto wadogo hunywa mafuta yaliyowekwa katika chupa za soda au maji. Mtoto wa namna hiyo hatapishwi, kwa sababu mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia. Hupelekwa hospitali mara moja, pamoja na chupa aliyoinywea.