Mipaka ya Matembezi: Wageni na Siku za Mapumziko Katika Japani, 1859–1899

Katika habari za kale, mambo yaonekanayo madogo aghalabu hubeba makubwa. Matembezi ya siku ya mapumziko ni jambo dogo: mtu hufunga duka au ofisi yake, hupanda farasi au hushika bakora, akaenda kutazama mlima, hekalu au bahari, na jioni akarudi nyumbani kwake. Walakini katika Japani, kwa muda wa miaka arobaini, tangu mwaka wa 1859 mpaka mwaka wa 1899, swali la wapi mgeni aweza kutembea lilikuwa swali la mikataba, la mahakama na la fidia, na mara moja likawa swali la mizinga. Mwenye kufuata nyayo za watembezi hao ataona jinsi taifa lililoshurutishwa kufungua milango yake lilivyoifanya ruhusa ya kutembea kuwa mali ya kubadilishana, na jinsi mali hiyo ilivyosaidia kuikomboa haki yake ya kuhukumu katika nchi yake yenyewe.

Kwa zaidi ya miaka mia mbili Japani ilikuwa imewafungia mlango mataifa ya Ulaya, isipokuwa Waholanzi waliokaa katika kisiwa kidogo cha Deshima, huko Nagasaki. Mwaka wa 1853 zikaja manowari za Marekani chini ya Perry, na mwaka wa 1858 serikali ya Shogun ikatia sahihi mikataba na mataifa matano: Marekani, Uholanzi, Urusi, Uingereza na Ufaransa. Katika mikataba hiyo yalikuwamo masharti mawili yaliyokaa kama sahani mbili za mizani. La kwanza lilisema kwamba mgeni akikosa, atahukumiwa na balozi wa taifa lake kwa sheria za kwao, wala si na kadhi wa Japani. La pili lilisema kwamba mgeni huyo hataruhusiwa kwenda mbali na bandari kupita ri kumi. Mkataba wa Marekani uliipima ri moja kuwa yadi 4,275; kwa hiyo ri kumi zilikuwa kama maili 24. Kutoka Yokohama kuelekea Edo mpaka ulikuwa karibu zaidi, nao ulikuwa mto. Wajumbe wa serikali za kigeni peke yao ndio waliokuwa na ruhusa ya kuvuka mipaka hiyo.

Sharti la kwanza si geni kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki. Sayyid Said bin Sultan alifunga mikataba na Marekani mwaka wa 1833, na Uingereza mwaka wa 1839, na Ufaransa mwaka wa 1844, na katika Unguja pia raia wa mataifa hayo walihukumiwa na mabalozi wao. Lililo la kutazamwa sana katika habari ya Japani ni sharti la pili, maana ndilo lililobaki mkononi mwa mwenyeji.

Yokohama ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla ya mwaka wa 1859. Mikataba ilitaja Kanagawa, lakini Kanagawa ilikuwa juu ya Tokaido, barabara kuu iendayo Edo, na wakuu wa Japani hawakupenda kuwaona wageni katika njia ipitayo misafara ya watawala wa majimbo. Kwa sababu hiyo waliwajengea gati na nyumba ng'ambo ya maji. Wafanya biashara wa hariri na chai wakakubali kwa upesi kuliko mabalozi wao, kwa kuwa bandari ilikuwa na kina kizuri. Siku sita walipima hariri na kubishana juu ya bei. Siku ya saba walipanda farasi. Walikwenda Kamakura kuitazama sanamu kubwa ya shaba ya Buddha iketiyo chini ya mbingu bila paa. Walikwenda Enoshima, kisiwa kilicho karibu na pwani. Walikwenda hekalu la Kawasaki. Na njiani walipumzika katika vibanda vya chai. Mwenyeji hakuwa na Jumapili. Kwake siku hiyo ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, naye aliwatazama watu hawa waendao mbio bila haja.

Tofauti hiyo ya desturi ilileta magomvi mapema. Mwezi wa Novemba, 1860, mfanya biashara Mwingereza, Michael Moss, alikuwa akirudi kutoka kuwinda ndege, naye kuwinda kwa bunduki katika upande ule kulikatazwa. Maofisa wa Japani walipomkamata bunduki ililia, na mmoja wao akaumizwa vibaya. Mjumbe wa Uingereza, Rutherford Alcock, alimtoza faini, akamwamuru kufungwa na kufukuzwa nchini. Lakini Moss alimshitaki Alcock huko Hong Kong, akashinda na kulipwa fidia. Kwa Wajapani hukumu hiyo ilikuwa fumbo: mtu wao ameumizwa katika nchi yao, kwa kosa lililo wazi katika sheria yao, na mwisho wake mkosaji amepewa fedha katika mji usio wao. Alcock mwenyewe, mwezi wa Septemba mwaka ule ule, alikuwa ametumia haki ya mjumbe akaupanda mlima Fuji, naye akawa mgeni wa kwanza kufanya hivyo.

Msiba mkubwa ulitokea Jumapili, tarehe 14 Septemba, 1862. Waingereza wanne walitoka Yokohama kwenda hekalu la Kawasaki: wanaume watatu na mwanamke mmoja. Mmoja wao, Charles Lennox Richardson, alikuwa amefanya biashara Shanghai, na sasa alikuwa akirudi kwao. Hawakuwa wamevuka mpaka wa mkataba, na kwa maandishi walikuwa na haki ya kupita. Karibu na kijiji cha Namamugi walikutana na msafara wa Shimazu Hisamitsu, baba wa mtawala wa Satsuma, aliyekuwa akitoka Edo. Desturi ya nchi ilimtaka kila mtu ashuke katika farasi na kuipisha njia kwa heshima. Waingereza hawakushuka, farasi wao wakaingia kati ya wenye kutembea. Panga zikachomolewa. Richardson aliuawa, wenzake wawili wakajeruhiwa, na mwanamke akaponea chupuchupu.

Hapa haki mbili ziligongana katika njia moja nyembamba. Mwingereza alikuwa na mkataba. Msatsuma alikuwa na desturi iliyo kongwe kuliko mkataba, na tena hakuwa ameulizwa mkataba ulipotiwa sahihi. Uingereza ilidai pauni 100,000 kwa serikali ya Shogun na pauni 25,000 kwa Satsuma. Shogun alilipa, Satsuma ilikataa. Mwezi wa Agosti, 1863, manowari saba za Kiingereza zikaenda Kagoshima, mji mkuu wa Satsuma, na katika mapigano sehemu kubwa ya mji ikateketea kwa moto. Manowari nazo hazikurudi salama: zilipigwa na mizinga ya ngome, na maofisa wakuu walikuwa miongoni mwa waliokufa. Baadaye Satsuma ilitoa fedha kwa mkopo kutoka kwa Shogun, ikafanya urafiki na Waingereza, na mwaka wa 1865 ikawapeleka vijana wake kusoma Uingereza. Watu wa Satsuma walikuwa miongoni mwa wale walioiangusha serikali ya Shogun mwaka wa 1868.

Damu haikukoma hapo. Mwezi wa Novemba, 1864, maofisa wawili wa jeshi la Uingereza, waliokuwa wamekwenda kuitazama sanamu ya Kamakura, waliuawa kwa upanga. Wakuu wa Japani walitambua kwamba kumwambia mgeni asitembee hakufai, na kumlinda kila mahali hakuwezekani. Wakachagua njia ya tatu: kumpa mahali pake pa kutembea. Wakamfanyia barabara ya kupandia farasi katika vilima vya Negishi, yenye kuitazama bahari, na mwaka wa 1866 wakamjengea huko uwanja wa mashindano ya farasi. Ilikuwa hekima ya mwenyeji ampaye mgeni kiti kizuri barazani, ili asiingie vyumba vya ndani.

Chini ya Mfalme Meiji mambo yaligeuka upesi. Mwaka wa 1872 reli ya kwanza ilifunguliwa kati ya Yokohama na Tokyo, jina jipya la Edo, na safari iliyokuwa ya hatari ikawa ya chini ya saa moja. Mwaka wa 1873 kalenda ya Ulaya ikaanza kutumika, na mwezi wa Aprili, 1876, maofisi ya serikali yakaanza kufunga siku ya Jumapili nzima na Jumamosi mchana, mahali pa siku za mapumziko za kale zilizohesabiwa kwa tarehe za mwezi. Lugha ilishika jambo hilo: neno la Kiholanzi la Jumapili, zondag, likawa dontaku katika vinywa vya Wajapani, na Jumamosi ikaitwa nusu ya dontaku. Desturi iliyokuwa ajabu ya wageni ikawa ya wote.

Lakini ri kumi zilibaki. Aliyetaka kwenda mbali ilimlazimu kuomba hati ya safari, na hati haikutolewa kwa anasa wala kwa biashara, bali kwa ajili ya afya au uchunguzi wa elimu. Basi kila mwaka kulikuwa na wagonjwa wengi wenye nguvu ajabu, walioweza kupanda milima mirefu kwa ajili ya afya zao, na wanavyuoni wengi wasioandika neno. Mwaka wa 1878 Mwingereza Isabella Bird, akiwa na mkalimani wake Ito, alisafiri kaskazini mpaka kwa watu wa Ainu katika Hokkaido, na kitabu chake kilitoka mwaka wa 1880. Hati yake ilimkataza kuwasha moto msituni, kukanyaga mashamba, na kuandika juu ya kuta za mahekalu. Kila katazo hapana shaka lilikuwa na kisa kilicholizaa.

Wafanya biashara walisukuma nchi yote ifunguliwe. Waitaliano, waliohitaji mayai ya nondo wa hariri kwa sababu wadudu wao walikuwa wamepatwa na maradhi, walikuwa tayari mwaka wa 1873 kukubali hukumu za Wajapani ili wapate kuingia bara. Mataifa mengine yakawazuia. Jibu la wakuu wa Japani lilikuwa moja: mtu atakayetembea popote na ahukumiwe na sheria ya mahali atembeapo. Mwaka wa 1886 meli ya Kiingereza Normanton ilizama. Nahodha na mabaharia wake Wazungu waliokoka, na abiria wote 25 wa Kijapani wakafa maji. Uchunguzi wa ubalozi wa Kobe haukumwona nahodha kuwa na hatia, na baada ya kelele za nchi nzima alifungwa miezi mitatu tu. Tangu hapo hapakuwa na waziri awezaye kuufungua mlango wa bara na kuziacha mahakama za mabalozi.

Wakati huo huo wageni wengine walikuwa wakiipenda nchi kwa njia nyingine. William Gowland, fundi wa madini wa kiwanda cha sarafu cha Osaka, aliipa milima ya kati jina la Alps za Japani. Mmisionari Alexander Croft Shaw alifika Karuizawa mwaka wa 1886, na mwaka wa 1888 akajenga nyumba ya kukimbilia joto. Arthur Hesketh Groom wa Kobe alijenga juu ya mlima Rokko mwaka wa 1895, na mwaka wa 1903 chama cha gofu, cha kwanza katika Japani, kikaanzishwa huko. Mmisionari Walter Weston alipanda milima iliyokuwa ikiendewa na wawindaji na wenye kuhiji, na kwa kuhimizwa naye vijana wa Kijapani wakaanzisha chama chao cha wapanda milima mwaka wa 1905.

Mkataba mpya na Uingereza ulitiwa sahihi tarehe 16 Julai, 1894, na mwezi wa Julai, 1899, ukaanza kutumika. Mahakama za mabalozi zikafungwa, hati za safari zikaondolewa, na mgeni akawa huru kulala kijiji chochote. Hata hivyo uhuru huo haukuwa sawa kwa wote. Wachina walikuwa wengi kuliko Wazungu katika Yokohama, na amri ya mwaka ule ule wa 1899 iliwazuia vibarua wa kigeni kukaa na kufanya kazi nje ya mitaa ya zamani bila idhini. Wachina ndio walioguswa hasa.

Wala Japani yenyewe haikungoja kukombolewa ndipo ifunge wengine. Mwaka wa 1876 iliishurutisha Korea kwa manowari kutia sahihi mkataba uliowapa Wajapani haki ya kuhukumiwa na mabalozi wao. Wakorea nao waliweka mpaka wa matembezi: ri kumi za Kikorea kutoka gati la Pusan, ambazo hazikuzidi maili mbili na nusu. Miaka michache baadaye mpaka huo ukasukumwa mbele, ukasukumwa tena, na mwaka wa 1910 Korea yote ikatwaliwa. Wakorea walishika silaha ile ile waliyoishika Wajapani, lakini hawakupewa muda wala nguvu ya kuitumia. Walioujua vizuri kuliko wengine uchungu wa kuhukumiwa nyumbani kwao na mgeni, ndio walioupeleka kwa jirani.