Maji Chini ya Lava: Chemchemi za Mzima na Historia ya Dhana ya Nyika Tupu, Tsavo Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya chemchemi za Mzima, zilizomo katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, tangu enzi ya misafara ya pembe za ndovu hadi mjadala wa sasa kuhusu bomba la pili la kupeleka maji Mombasa. Hoja kuu ni kwamba maamuzi mawili yaliyofanywa ndani ya muongo mmoja, yaani kutangazwa kwa hifadhi mwaka 1948 na ujenzi wa bomba uliokamilika mwaka 1957, yalisimama juu ya dhana moja: kwamba nyika hiyo ilikuwa tupu. Dhana hiyo haikuwa na ukweli wakati ule, na bado inaathiri jinsi maji na ardhi vinavyogawanywa leo.

Utangulizi

Karibu na lango la Chyulu la hifadhi ya Tsavo Magharibi umelala mtiririko wa lava nyeusi iliyoganda, wenye urefu wa takriban kilomita nane. Wenyeji wanauita Shetani. Una umri wa miaka mia chache tu, na udongo juu yake ni haba kiasi kwamba mimea imeanza kushika hapa na pale. Ndani ya hifadhi hiyohiyo, maji maangavu hububujika kutoka chini ya mwamba kwa kiasi cha zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, yakafanya mabwawa yenye viboko, mamba na samaki, kisha yakateremka kuungana na Mto Tsavo. Hapo ndipo Mzima.

Mtazamaji anaweza kudhani kwamba jangwa la mawe na chemchemi hizo ni mandhari mbili zinazopingana, ilhali moja ni chanzo cha nyingine. Milima ya Chyulu ni miongoni mwa safu changa zaidi za volkeno katika Afrika Mashariki, na juu yake hakuna mto wa kudumu hata mmoja. Mvua inayonyesha huko huzama katika majivu na lava yenye matundu, husafiri chini ya ardhi makumi ya kilomita, na hutokea juu pale inapokutana na mwamba wa kale usiopitisha maji. Chemchemi za Umani, karibu na Kibwezi, hulishwa na milima hiyohiyo.

Maumbile haya yana maana kwa mwanahistoria na kwa mshauri wa sera vilevile. Safari ya maji chini ya lava huchukua miaka. Anayefyeka msitu wa Chyulu leo hatauona upungufu wa Mzima kesho, wala anayekunywa maji hayo Mombasa hana sababu ya kuijua milima yanakotoka. Umbali huo kati ya tendo na matokeo yake ndio ulioruhusu maamuzi kufanywa pasipo kuwauliza waliokuwa katikati.

Nyika kabla ya hifadhi

Neno nyika lina historia yake. Kwa mkazi wa pwani, nyika ni nchi kavu iliyo nyuma ya minazi na mashamba, na Wamijikenda walioishi ukingoni mwake waliitwa Wanyika, jina lililobeba dharau na ambalo wenyewe wameliacha. Wamisionari wa Rabai waliliazima neno hilo kutoka pwani, na nyaraka za kikoloni zikalipokea. Hivyo maelezo ya mtu aliyetazama bara kutoka ufukweni yakageuka kuwa maelezo rasmi ya nchi nzima.

Waliopita humo walijua vingine. Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, hakuwa amejitafutia njia. Aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa msafara aliyeifahamu barabara ya kutoka pwani kupitia nchi ya Wataita. Elimu ya viongozi wa aina hiyo ilikuwa hasa elimu ya maji: kisima kipi kina maji mwezi gani, na umbali gani kati ya kituo na kituo. Biashara ya pembe iliyoitajirisha Mombasa ilitegemea elimu hiyo, na ilitegemea pia watu wa nyikani wenyewe. Waata, ambao jirani zao waliwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa pinde kubwa na mishale ya sumu. Pembe zilipita mikononi mwa Wakamba na Wamijikenda hadi sokoni pwani. Wataita walilima katika vilima vya Dawida, Sagalla na Kasigau, wakalisha na kuwinda katika tambarare zilizo chini yake. Upande wa magharibi wa Chyulu walichunga Wamaasai.

Matumizi hayo yalifuata msimu. Watu walikuja maji yalipokuwepo na kuondoka yalipokauka, na malisho yaliyoachwa mwaka mmoja yalirudiwa mwingine. Matumizi ya msimu hayaachi ngome wala magofu. Afisa aliyepita kiangazi akakuta uwanda mkimya, aliandika kwamba hapana mtu, na kwa siku hiyo aliyoiona huenda alisema kweli. Kosa lilikuwa kuichukua siku moja kuwa hali ya nchi.

Mwaka 1948: mpaka juu ya ramani

Sheria ya Hifadhi za Taifa ilipitishwa katika koloni la Kenya mwaka 1945. Hifadhi ya Nairobi ikafuata mwaka 1946, na Tsavo mwaka 1948. Eneo lililotengwa Tsavo lilizidi kilomita za mraba 20,000, ukubwa ambao muda mfupi baadaye ulilazimu kuligawa sehemu mbili, Mashariki na Magharibi, kwa ajili ya usimamizi.

Ukubwa huo haukutokana na utajiri wa wanyama peke yake. Tsavo ilikuwa nchi yenye mvua chache na mbung'o wengi, ambayo walowezi hawakuitaka. Ilikuwa rahisi kuitoa kwa wanyama kwa kuwa hakuna mwenye sauti katika baraza la kutunga sheria aliyekuwa akiidai. Wenye kuidai walikuwepo, ila madai yao yaliandikwa katika desturi za kuwinda na kuchunga, na sheria mpya ilizitambua desturi hizo kama makosa.

Waata ndio waliolipa gharama kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1956, David Sheldrick, mhifadhi wa Tsavo Mashariki, pamoja na wenzake waliendesha kampeni kubwa dhidi ya ujangili, na wawindaji wengi wa Kiwaata walikamatwa na kufungwa. Kampeni hiyo ilifaulu kwa kipimo chake yenyewe. Hata hivyo, baadhi ya waliohusika waliona kwamba watu hao walikuwa wamenyang'anywa riziki pasipo kupewa nyingine. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa usimamizi wa wanyamapori katika eneo la Galana, mashariki mwa hifadhi, kwa nia ya kuwapa Waata uwindaji halali. Haukudumu katika sura hiyo. Baada ya miaka michache ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe.

Kwa Wataita, athari ilikuwa ya ardhi. Takwimu inayotajwa mara nyingi katika mijadala ya umma ni kwamba takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita-Taveta imo ndani ya hifadhi za Tsavo. Kila mjadala wa malisho, wa ndovu wanaovamia mashamba, au wa mapato ya utalii katika kaunti hiyo huanzia kwenye mpaka uliochorwa mwaka 1948.

Bomba la Mombasa

Katika miaka hiyohiyo Mombasa ilikuwa na kiu. Mji ulitegemea visima na maji kutoka vilima vya Shimba, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia bandari na wakazi wake walikua kupita uwezo wa vyanzo hivyo. Macho ya wahandisi yakaelekea Mzima, takriban kilomita 220 kutoka mjini.

Wasimamizi wa hifadhi walihofu kwamba bomba lingekausha mabwawa. Suluhisho lililofikiwa ni la kihandisi: maji yachukuliwe chini ya lava, kabla hayajafika juu, ili mabwawa yasiguswe na uso wa chemchemi ubaki ulivyo. Ujenzi ulikamilika mwaka 1957. Bomba lilibuniwa kupitisha takriban mita za ujazo 35,000 kwa siku, ambazo ni chini ya moja ya tano ya maji yote ya chemchemi. Mabwawa yalibaki na viboko wake. Baadaye kilijengwa chumba chenye madirisha chini ya maji, ambamo wageni hutazama samaki, na wakibahatika, kiboko akitembea sakafuni mwa bwawa.

Mapatano hayo yanastahili sifa, na ndiyo maana yanastahili kuulizwa swali. Yanathibitisha kwamba serikali ya kikoloni iliweza kubadili mradi mkubwa ili kulinda maslahi ya upande mwingine, mradi upande huo uwe na msemaji mezani. Viboko wa Mzima walikuwa na msemaji, na mji wa Mombasa nao vilevile. Wataita, Wakamba na Waata hawakuwa naye. Wakati mafundi walipokuwa wakilaza mabomba upande wa magharibi, upande wa mashariki wenye pinde walikuwa wakipelekwa mahakamani. Matukio hayo mawili husimuliwa katika vitabu tofauti, moja kama historia ya miundombinu na jingine kama historia ya uhifadhi. Yakiwekwa pamoja, yanaonekana kuwa sera moja: nyika ilipangiwa matumizi na watu wa mbali, na jina lake lilitosha kuwa hoja.

Mfano wa Virunga

Mzima si kisa cha pekee katika kanda yetu. Hifadhi ya Albert, iliyotangazwa na Wabelgiji mwaka 1925, iliizunguka milima ya volkeno ambayo leo imegawanyika kati ya Kongo, Rwanda na Uganda. Huko pia lava humeza mvua. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda mvua ni nyingi, lakini vijiji vilivyo chini ya volkeno vimekuwa na uhaba wa maji ya juu, na wakazi wamekuwa wakiingia msituni kuyateka, jambo linalowaweka upande mbaya wa sheria. Tofauti na Tsavo ni kwamba Rwanda, mwaka 1969, ilikata sehemu kubwa ya hifadhi ili ilimwe pareto. Nchi moja ilishikilia mpaka wake na nyingine ikausogeza, lakini katika pande zote mbili swali la maji ya walio jirani na volkeno liliachwa baadaye.

Maana yake kwa sera za sasa

Kwa miaka mingi limezungumzwa bomba la pili kutoka Mzima. Mombasa ya leo hupata maji pia kutoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Mtafiti akiifuata ramani ataona kwamba Mzima huingia Tsavo, Tsavo hukutana na Athi kuwa Galana, na Galana ndio Sabaki. Maji yatakayoongezwa juu kwa bomba ni maji yatakayopungua chini mtoni. Hesabu ya bomba la pili haiwezi kuishia kwenye lango la hifadhi.

Chyulu kwenyewe kulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na familia zilizokuwa zimelowea humo ziliondolewa. Tangu muongo uliopita unaendeshwa huko mradi wa kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na misitu, ukishirikisha taasisi za serikali, mashirika ya uhifadhi na ranchi za jamii za Wamaasai. Huu ni ushahidi kwamba wakazi wanaweza kuwa washirika wenye hisa katika milima hiyo. Kaboni imepata soko na wabia. Maji, ambayo mji mzima huyanywa, bado hayana utaratibu wa namna hiyo unaomrudishia mlinzi wa chanzo chochote.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 69, inaitaka serikali kuhakikisha mgawanyo wa haki wa manufaa ya maliasili. Kutokana na historia iliyoelezwa, makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, uamuzi wowote juu ya bomba la pili uanze na upimaji wa kudumu wa mvua na misitu ya Chyulu, kwa sababu kipimo cha chemchemi kinaonyesha yaliyopita. Pili, bei ya maji Mombasa iwe na sehemu iliyotajwa wazi kwa ajili ya jamii zinazotunza milima hiyo na kaunti linakopita bomba. Tatu, madai ya kihistoria ya Waata, Wataita na Wakamba yakusanywe na kuhifadhiwa, yakiwemo majina ya visima na njia zao, kabla wazee wenye kumbukumbu hizo hawajaondoka. Pendekezo hili la mwisho ni la gharama ndogo kuliko yote, na ndilo lisiloweza kuahirishwa.

Hitimisho

Mwaka 1957 wahandisi walionyesha kwamba maji yanaweza kutolewa Mzima bila kuharibu kilicho juu ya ardhi, mradi kuwe na anayekisemea. Wajibu wa watakaopanga bomba la pili ni kuipanua meza ile. Ramani ya Tsavo inaonyesha lava, chemchemi, barabara za watalii na mstari wa bomba. Haionyeshi njia za misafara ya akina Bwana Kheri, wala makambi ya Waata, wala malisho ya kiangazi ya Wataita. Ramani itakayotumika kugawa maji ya miaka hamsini ijayo inapaswa kuyabeba hayo pia.