Kazi za data: nani hufanya nini, na maneno ya msingi ya kuyajua

Matangazo ya kazi ya siku hizi yana majina ambayo wazazi wetu hawakuyasikia: mchambuzi wa data, mhandisi wa data, mwanasayansi wa data. Kijana aliyemaliza kidato cha nne au chuo hapa Isaka, Kahama au Geita huyasoma na kuyapita, akidhani ni kazi za Dar es Salaam au za ng'ambo. Katika makala haya tunaeleza kazi hizo ni zipi, na kwa nini baadhi yake zinafanyika karibu nasi kila siku.

Data ni nini?

Data ni kumbukumbu ghafi: namba, majina, tarehe, uzito, picha. Zikipangwa na kupewa maana, zinakuwa taarifa. Tuchukue mfano wa bandari kavu ya Isaka, ambako mizigo inayokwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hushushwa kutoka kwenye reli na kupakiwa kwenye malori. Namba ya kontena moja ni data. Orodha inayoonyesha ni makontena mangapi yamekaa siku nyingi bila kuchukuliwa ni taarifa, kwa sababu inamsaidia mtu kuamua la kufanya.

Wanaofanya kazi hii

Mkusanyaji wa data ndiye wa kwanza. Ni karani wa mizigo, muuguzi anayejaza rejesta ya kliniki, au karani wa sensa. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani walipita nyumba hadi nyumba wakiwa na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi.

Mhandisi wa data hujenga njia ambayo data hupita kutoka kwa mkusanyaji hadi mahali inapohifadhiwa. Kama fundi wa mabomba, kazi yake haionekani mpaka pale maji yanapokatika.

Msimamizi wa kanzidata hutunza ghala lenyewe. Kanzidata ni mkusanyiko wa data uliopangwa ndani ya kompyuta ili kitu kipatikane haraka. Yeye ndiye anayeamua nani afungue nini, na ndiye anayehakikisha kuna nakala ya akiba umeme ukikatika au mashine ikiharibika.

Mchambuzi wa data huuliza maswali ya jana na leo: nini kimetokea, wapi, na kwa kiasi gani? Hutengeneza majedwali na michoro ambayo mkuu wake anaweza kuisoma bila kuhitaji mkalimani.

Mtakwimu hupima ni kwa kiasi gani tunaweza kuamini jibu tulilopata. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, ndiyo yenye dhamana ya takwimu rasmi nchini.

Mwanasayansi wa data huunganisha takwimu na programu za kompyuta ili kukadiria yajayo, kwa mfano mzigo utakaofika mwezi ujao. Kifaa chake kikuu ni modeli, yaani kanuni ambayo kompyuta imejifunza kutokana na mifano ya nyuma.

Katika ofisi ndogo, mtu mmoja anaweza kubeba kazi tatu kati ya hizi. Kwa hiyo usisome jina la kazi peke yake, soma na majukumu yaliyoandikwa chini yake.

Maneno manne ya kushika

Ubora wa data. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia. Karani akikosea tarakimu moja, kwa kawaida hesabu haikubali na kosa linaonekana kabla mzigo haujapotea kwenye makaratasi. Kutafuta na kurekebisha makosa ya aina hiyo huitwa kusafisha data, na hula muda mwingi wa wataalamu.

Wastani na namba ya kati. Tuseme wachimbaji wadogo ni 10. Tisa wamepata gramu 2 za dhahabu kila mmoja, na mmoja amepata gramu 82. Wastani ni gramu 10, lakini hakuna hata mmoja aliyepata gramu 10. Ukiwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu, namba ya kati ni gramu 2, nayo inaeleza hali ya wengi. Ukisikia neno wastani kwenye taarifa ya kipato, uliza namba ya kati ni ngapi.

Sampuli. Mpishi huonja kijiko kimoja ili kujua chumvi ya sufuria nzima, ila lazima kwanza akoroge. Ukiwahoji wenye maduka ya mjini peke yao, huwezi kusema umepata maoni ya wilaya nzima.

Uhusiano si sababu. Miezi ambayo pikipiki nyingi zinauzwa inaweza kuwa ndiyo miezi ya harusi nyingi. Pikipiki hazileti harusi. Vyote viwili vinafuata fedha za pamba na mpunga baada ya mavuno.

Kwa nini linatuhusu

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,739,530 mkoani Geita. Ile ya 2022 ilihesabu 2,977,608. Mkoa wa Shinyanga ulitoka watu 1,534,808 hadi 2,241,299. Anayepanga madarasa, zahanati na visima kwa namba za zamani atawaacha nje watoto wengi, na hatakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana kazi ya karani aliye mlangoni kwa mtu ina uzito kuliko inavyodhaniwa: akikosea yeye, wote wanaofuata wanachambua kosa.

Data pia ina mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo tume inayoisimamia. Anayekuomba namba ya kitambulisho chako cha taifa au ya simu anapaswa kukueleza ni ya kazi gani. Muulize kabla hujajaza fomu.

Pa kuanzia

Usiache hisabati. Jifunze kupanga jedwali kwenye Excel, kisha SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye kanzidata, halafu Python. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichopo Dar es Salaam, kinafundisha fani hii. Lakini mazoezi hayasubiri chuo: chukua daftari la mauzo la duka la nyumbani, liingize kwenye jedwali, kisha tafuta ni bidhaa gani inaisha kabla ya Jumamosi. Mwenye duka akibadilisha oda yake kwa sababu ya jibu lako, umeshafanya kazi ya mchambuzi.