Gari la Waya na Gari la Betri

Nilipokuwa darasa la tatu, mwaka 1980, maduka ya wilayani kwetu yalikuwa na rafu tupu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na wazee wetu walipanga foleni ya sukari na sabuni. Nani angefikiria kuagiza vitu vya kuchezea watoto kutoka ng'ambo?

Hata hivyo, hatukukosa vya kuchezea. Magari tuliyasuka kwa waya, magurudumu tukayakata kwenye kandambili zilizochakaa, na usukani tukaurefusha hadi kifuani ili tuendeshe huku tukikimbia. Mpira ulikuwa wa matambara na kamba. Wasichana walicheza mdako, wakihesabu vijiwe bila kujua kwamba wanajifunza hesabu. Gari likivunjika, mtu alilala akiwaza namna ya kuliunda upya.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa kutoka nje, na maduka yakaanza kujaa. Mwanangu alipotimiza miaka saba, mwaka 1999, nilimnunulia gari la betri pale Kariakoo, kwa fedha nilizodunduliza kwa miezi mitatu. Liliwaka taa na kulia king'ora. Nililiweka juu ya kabati, nikawa namshushia siku za Jumapili tu, nami nimekaa kando nikimwonya asilifungue.

Siku moja nilirudi kazini nikalikuta limefumuliwa sakafuni. Akaniambia, "Baba, nilitaka kuona taa inakotoka." Nilimchapa. Usiku, usingizi uliponipaa, nilikumbuka kuwa enzi zangu hakuna aliyenichapa kwa kufumua gari. Kesho yake nilimpa bisibisi, nikamwambia alifungue apendavyo. Hakuligusa tena.

Baadaye nilisoma habari za Friedrich Froebel, mwalimu wa Kijerumani aliyeanzisha mahali pa kulelea watoto mjini Bad Blankenburg mwaka 1837. Aliwapa mipira ya sufu na vipande vya mbao, wajenge, wabomoe, wajenge tena. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule za namna hiyo, na marufuku ikadumu hadi mwaka 1860. Niliwacheka watawala wale, kisha nikanyamaza, maana nami nilikuwa nimepiga marufuku nyumbani kwangu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao katika ibara ya 31 unatambua haki ya mtoto kucheza, Tanzania iliuridhia mwaka 1991, miaka minane kabla ya kiboko changu.

Ndugu msomaji, ukimchagulia mtoto wa umri huo kitu cha kuchezea, usitazame bei. Jiulize kitamwachia kazi gani ya kufanya. Kama huwezi kuvumilia kivunjike, hicho umejinunulia mwenyewe.

Likizo iliyopita mwanangu aliniletea mjukuu wa miaka saba. Nilikuwa nimeweka tayari waya, koleo na kandambili kuukuu. Mtoto aliuliza babake kama anajua kuunda gari. Akajibu kwamba hajui, kisha akanitazama. Tukaketi chini wote watatu, tukaanza na magurudumu.