Kitabu Kilichokaa Ujerumani

M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini mama mboga wa Kayole akitumiwa mia mbili, deni na salio viliandikwa Ulaya. Mitambo ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya Aprili 2015.

Wengi husema ilikuwa ni mambo ya kasi. Mimi naona zaidi ya hapo. Fikiria chama cha Umoja ama Jericho: mweka hazina anaandika, katibu anaandika, ndipo unapewa risiti. Kitabu kimoja kikiungua, cha pili kiko. Vituo viwili vya data vinavyonakiliana papo hapo hufanya vivyo hivyo, na katibu akiwa mzembe, yaani diski yake nzee, foleni yote inangoja.

Shida ni njia. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde. Wahandisi wengi hawataki kwenda na kurudi kupite milisekunde 5. Nairobi–Mombasa, kilomita 480 za barabara, karibu inamaliza zote. Ujerumani? Zaidi ya 60, hata faiba ingenyooka kama rula! Na kabla ya TEAMS na SEACOM kufika Mombasa 2009, tulitegemea setilaiti.

Kitabu kikiwa kule, nakala sawia haingekaa hapa. Kilipokuja, ingeweza kukaa ng'ambo ya mji.