Kuopoa

Karani mmoja huko Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, anaandika ripoti. Umeme unakatika, kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi. Akiwasha tena na kufungua Microsoft Word, anaonyeshwa nakala iliyosalia. Kitendo hicho wengi hukiita kurejesha. Mimi nashikilia kuopoa.

Anayerejesha hurudisha kitu kizima mahali pake. Anayeopoa hutoa majini kilichozama, tena kile tu alichokifikia. Kamba ikikatika kisimani tunaopoa ndoo. Maji yaliyokuwamo yamekwenda. Watu wa Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470 hivi, hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo.

Programu nayo ni hivyo hivyo. Usipobadilisha mpangilio wake, Word huandika nakala ya muda kwenye diski kila baada ya dakika 10. Umeme ukikatika dakika ya 9, maneno uliyoandika tangu nakala ya mwisho hayaopoleki: yalikuwa kwenye kumbukumbu inayofutika pamoja na umeme, hayakuwahi kufika diskini. Ndiyo maana nakataa pia kuchanganya kuopoa na kuhifadhi. Kuhifadhi hufanywa na mwandishi mwenyewe, kwa kidole chake, chombo kingali kinaelea.